Shingo ya Kuku kwenye Meza ya Mninga

Nyumba yangu haina jirani. Niliitaka hivyo. Kutoka barabarani utatembea juu ya mawe mpaka magoti yakulaani, au utapanda boti toka Mbaha upigwe maji usoni. Imekaa juu ya mwamba mweusi ulioingia ziwani, na chini yake hakuna mchanga wa kuchezea watoto. Ni mawe tupu, maji yanayagonga mchana na usiku, na mamba akitaka kuota jua anaota, hakuna wa kumfukuza.

Ina vyumba vinane, kila kimoja na bafu lake. Vioo vya mbele vilitoka Dar es Salaam vimefungwa katikati ya magodoro. Saruji ilikuja kwa boti, mfuko kwa mfuko, na iliyolowa niliimwaga ziwani mbele ya aliyeilowesha ili aone. Kuna umeme wa jua, kuna jenereta jua likikataa, kuna ngazi za mawe mpaka majini, na kuna baraza ambalo ukikaa unaiona milima ya Malawi ng'ambo. Tajiri mmoja wa mjini alikuja akitaka nimpe pawe hoteli. Alisema pametulia sana. Nikamwambia pametulia kwa sababu wewe hukai hapa. Alicheka. Mimi sikucheka, akapanda boti yake.

Nimesoma mpaka darasa la tatu. Waliomaliza wananiomba lifti.

Baba yangu alikuwa Mmatengo wa kule juu, milimani Mbinga, mwenye kahawa na mwenye watu. Alifunga ndoa na mama wa kaka yangu kanisani Kigonsera, kengele zikapigwa. Mama yangu alimpata huku chini, alipokuja kubadilisha mahindi kwa usipa, hawa dagaa wa ziwa letu. Huyo hakumpeleka kanisani. Alimpeleka nyumbani tu, akamjengea jiko upande wa porini, kule upepo unakokwenda, ili harufu ya samaki isiingie kwenye nyumba ya ndoa.

Kwetu Umatengoni kuna sengu. Asiyejua nitamwambia. Ni mahali pa mkubwa wa ukoo, wanaume na watoto wa kiume wanakula pamoja. Chakula kinatoka kila jiko kinaletwa pale, mkubwa anamega ugali wa kwanza, anagawa mboga kwa mkono wake, na maneno ya ukoo yanasemwa hapo hapo vidole vikiwa bado na mchuzi. Kwenye sengu hakuna anayesema karibu. Karibu ni ya mgeni. Mtoto wa nyumbani ananawa, anakaa, anakula.

Mimi kunawa nilinawa. Shida ilikuwa kukaa. Chakula cha jiko la mama hakikupokelewa pale, na mimi nilitengewa sahani yangu ya bati, imefunikwa, nikale nyuma ya ghala. Wenzangu waliniita mtoto wa samaki. Aliyeanza kuniita ni kaka yangu. Baba alisikia. Baba alikuwa anatafuna.

Kaka alisomeshwa misheni akawa katekista, na baba alipokufa akakaa mahali pake kwenye sengu. Mimi niliondoka na gunia la kahawa la mtu mwingine kichwani. Nikabeba ya watu, nikabeba yangu, nikanunua lori, lori likazaa lori. Sitasimulia zaidi. Anayetaka kujua lori linapatikanaje aanze kubeba gunia. Mama alifia kule juu, na jiko lake lilibomolewa kabla matanga hayajaisha, eti nafasi ya magari. Gari lililokuja siku ile lilikuwa moja, na lilikuwa langu.

Huu mwamba ulikuwa wa wajomba zangu. Walikuwa wakianikia usipa. Hakuna aliyeutaka zaidi ya hapo, hauna udongo, hauna kivuli. Niliuchukua kwa sababu hiyo.

Nyumba ilipokwisha, watu wa juu walianza maneno. Walisema nyumba ambayo mkubwa hajamega ugali ndani yake si nyumba, ni kambi. Walisema sokoni, walisema wakitoka misa, mpaka madereva wangu wakaniletea. Nilicheka, lakini lilinichoma. Ukweli ni kwamba nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka kaka yangu aingie humu, akae kwenye meza yangu, ale. Akila, mimi ni mtoto wa baba yangu na hii ni nyumba. Asipokula, nina kambi yenye vioo.

Nilimwalika. Mara kahawa inaiva, mara Kwaresima, mara magoti. Nilijua sababu. Tangu azaliwe hakuwa amepanda chombo cha majini, alikuwa mtu wa mlima mpaka kwenye kucha. Basi nikampa dereva ujumbe aupeleke kwenye sengu, wakati watu wote wamekaa, si kabla. Mwambieni katekista, kama anaogopa maji, nitamletea ziwa kwenye ndoo. Dereva alisema vijana waliinamia chakula wakicheka kimya kimya, na mzee aliendelea kugawa maharage kama hakusikia.

Wiki iliyofuata alipanda lori langu.

Kwenye boti hakukaa kwenye benchi, alikaa chini, rozari mkononi, na kabla hatujafika nusu alikuwa ametapika kwenye kofia yake. Mwendesha boti alitaka kupunguza mwendo. Nilimwambia aongeze. Kaka alikuwa amekumbatia kikapu kilichofunikwa kitambaa cheupe, na hata alipotapika hakukiachia. Nilidhani ni zawadi. Nilisema moyoni, hatimaye ameniletea kitu.

Tulipofika nilimwamkia mbele ya watu wangu wote.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," alisema, akiyaangalia mawe. Akazunguka nyumba pole pole na fimbo yake. Hakugusa kioo, hakuuliza chumba. Aliangalia mteremko ulio nyuma, akachoma fimbo mara mbili tatu, ikagonga jiwe. "Hapa huwezi kuchimba hata ngolo moja," alisema. Ngolo ni yale mashimo yetu ya kulimia mlimani, ndiyo tunayojivunia. Kwake mahali pasipo ngolo ni mahali ambapo Mungu alikuwa amechoka.

Jioni meza ilikuwa imejaa. Meza yenyewe ni ya mninga, inakaa watu ishirini, iliingia kabla ukuta wa mbele haujajengwa kwa sababu mlangoni isingepita. Mpishi wangu, mama mmoja wa Lipingo wa ukoo wa mama yangu, alikuwa ameweka kuku, wali, ugali, na mbasa mzima wa kukaanga, samaki mkubwa wa ziwa hili. Nilisimama nyuma ya kiti changu cha mbele, nikakivuta, nikamwambia, "Karibu chakula, kaka. Kaa hapa."

Alikwenda kukaa kwenye ngazi ya baraza. Akafunua kikapu. Ndani mlikuwa na ugali umefungwa kwenye jani la mgomba, maharage kwenye kopo, na chumvi yake kwenye karatasi. Chumvi. Alibeba mpaka chumvi. Akafanya ishara ya msalaba, akabariki chakula chake, akala akiwa amenipa mgongo.

"Sufuria zako zimepikiwa samaki," alisema bila kugeuka, mwendesha boti akisikia, mpishi akisikia.

Mpishi alinijia karibu, akauliza kwa sauti ya chini kama amtolee mzee hata wali mweupe tu. Nilimwambia mgeni anacho chake. Nikakaa, nikala kichwa cha mbasa mpaka nikafyonza macho.

Asubuhi mwera ulikuwa umeamka. Huo ni upepo wa kusini, ukishika ziwa linageuka jeupe, na hapa kwenye mwamba maji yanaruka mpaka vioo vinalia. Kaka alikuwa ameshavaa kofia, imefuliwa, anangoja boti. Mwendesha boti alimwambia leo hakuna chombo kinachotoka. Akauliza kesho. Akaambiwa kesho ni ya upepo wenyewe. Basi akachukua fimbo akajaribu njia ya mawe. Nilikaa barazani na chai yangu nikimtazama. Alivuka jiwe la kwanza, akavuka la pili kwa makalio, kwenye la tatu alisimama muda mrefu, halafu akageuka. Kurudi kulimchukua zaidi ya kwenda. Sikutuma mtu amshike mkono.

Nilikuwa nimeshaona kikapu. Mzee alikuwa amepiga hesabu ya chakula cha kuja, kulala na kuondoka. Ugali uliobaki ulikuwa kama ngumi ya mtoto, na ulishaanza kuchacha.

Nikamwita mpishi jikoni. Nilimwambia apike kama kawaida, kila mlo, aweke mezani sahani mbili, na asimkaribishe. Alinitazama. Kwa watu wa ziwani, na kwa watu wa mlimani, na kwa Waislamu wenye maduka kule Mbinga mjini, hakuna anayekula mbele ya mtu bila kusema karibu. Hata mlevi anasema. Hata mchoyo anasema, halafu anaomba Mungu ukatae.

"Mzee, hiyo si dhambi?" alisema.

"Nilishamkaribisha. Sikio lake si la kufuliwa kila siku kama kofia."

Mchana nilikula peke yangu, kuku wa nazi, kaka akiwa kwenye kiti cha baraza hatua chache tu. Jioni nikala tena. Alimaliza ule ugali wake uliochacha, akala polepole, akiokota chembe kwenye jani. Alikunywa maji mengi. Mimi nilikuwa natafuna kwa sauti. Nilikuwa na hamu moja tu, aseme. Aseme neno moja, mdogo wangu nina njaa, nami ningempa ng'ombe mzima. Yeye naye alikuwa anangoja neno moja. Tulikuwa wazee wawili wenye mvi, tunapigana kwa vinywa vilivyofungwa.

Nikavunjika mimi wa kwanza, lakini si kwa wema. Nilimkumbusha. Nilimwambia, kaka, ulipokuwa mdogo ulikuwa unakuja kwenye jiko la mama yangu giza likiingia, unakula usipa na pilipili, halafu unafuta mdomo kwa jani la mgomba usijulikane. Asubuhi unaniita mtoto wa samaki. Nilikuwepo. Nilikuwa nakushikia taa.

Nilifikiri atakana. Aliweka bilauri chini.

"Nilikula sana," alisema. "Mama yako hakuwahi hata siku moja kusahau kunikaribisha."

Akaenda kulala.

Nilibaki mezani. Mbwa wangu alikuja akaweka kichwa kwenye goti langu, nikampiga teke.

Kulipopambazuka upepo ulikuwa bado unavuma. Kaka hakutoka chumbani mpaka chakula cha mchana kilipowekwa. Nilikuwa nimekwenda kuangalia jenereta. Niliporudi nilimkuta amesimama kwenye bomba la barazani, ananawa mikono mwenyewe, ananawa mpaka viwiko kama alivyokuwa akinawa baba. Hakuniangalia. Akaingia, akapita viti vyote, akakaa kwenye kiti changu cha mbele. Akafanya ishara ya msalaba. Akamega ugali.

Akamwita mpishi. "Mama, kaa." Mpishi alishika ukuta. "Kaa, mama. Mwite na yule wa boti." Wakaja, wakakaa kwenye ncha za viti kama watu waliokaa kwenye yai. Akavuta bakuli la kuku kwake, akaanza kugawa kwa mkono. Firigisi akaiweka kwenye sahani yake, ni haki ya mkubwa. Paja akampa mwendesha boti. Mgongo akampa mpishi. Kidari akakiweka pembeni, cha atakayekuja. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa nyumba yangu, mafuta ya jenereta mikononi.

Akachovya tena, akatoa shingo. Akaiangalia, akainyoosha kuelekea kiti cha mwisho, kule chini kabisa, kiti cha ishirini.

"Yako hii," alisema. "Kaa pale, pa watoto. Mdogo anakula shingo."

Mwendesha boti aliacha kutafuna. Huyu ni mtu ninayemlipa. Huyu ni mtu ambaye akiniona anavua kofia.

Nilikwenda mpaka alipo. Nikaipokea ile shingo kwa mikono miwili, kama mtoto mwenye adabu. Nikapiga mluzi. Mbwa akaja, nikamwekea chini, pale pale miguuni pa kaka, kwenye marumaru. Tulisikia wote mifupa ikivunjika. Shingo ya kuku ina mifupa mingi kwa ukubwa wake.

Kaka hakukasirika. Angekasirika ningefurahi. Aliendelea kula, akala ugali, akala kuku, kisha akavuta na sahani ya mbasa, akala samaki mbele yetu, akitoa miiba kwa ulimi kama mtu aliyezaliwa ufukweni. Alipomaliza alijifuta mdomo kwa kitambaa changu cha meza.

"Nyumba hii nimekula," alisema, "kwa hiyo ni nyumba. Ni ya nani, muulize mbwa wako. Yeye ndiye aliyepokea."

Ni usiku, nikiwa kitandani, nilipokiona kilichopita. Hakungoja karibu. Alinawa, akakaa, akala. Shingo ile ilitoka kwenye bakuli moja na firigisi yake, kwa mkono wake, na mimi tangu nizaliwe sijawahi kupewa kitu kutoka kwenye bakuli hilo. Ilikuwa tusi, ndiyo. Lakini ilikuwa tusi la ndani ya nyumba. Watu wananiuliza kama ninajuta. Nawaambia namjutia kuku, alikuwa wa kienyeji. Na kama angeninyooshea tena shingo mbele ya watu ninaowalipa, mbwa angeshiba tena.

Upepo ulikufa alfajiri. Nilimpeleka mwenyewe mpaka Mbaha, polepole safari hii, na hakutapika. Aliposhuka alimshukuru mwendesha boti, na kikapu chake kitupu akamwachia.

Kule juu alisimulia kwenye sengu, na nasikia hakuongeza hata kidogo. Alisema, "Nilimpa, akampa mbwa." Basi. Maneno ya kambi yalikoma siku ile. Na watu wa juu nao walikoma, hakuna aliyekuja tena, hata wale waliokuwa wakija kuomba lifti. Nilitaka nyumba isiyo na jirani, nikaipata na zaidi.

Kaka alikufa wakati wa kuchuma kahawa. Nilikwenda na malori mawili. Moja saruji na matofali ya kaburi, moja ng'ombe, mchele na mafuta. Nilishika jeneza upande wa kichwa, hakuna aliyenizuia. Nilimwaga udongo wangu. Padri alinitaja kwa jina katika shukrani, kwa sababu ya saruji.

Baada ya kuzika wanaume walikwenda kwenye sengu. Mahali pa kaka alikaa mtoto wake wa kwanza, mtu mzima, ana wajukuu, mpole kuliko baba yake. Nilinawa kwenye bomba. Nilikuja na mikono inachuruzika maji, nikatafuta pa kukaa. Walikuwa wamebanana bega kwa bega, wazee, vijana, watoto, na hakuna bega lililosogea. Hakuna aliyeniangalia vibaya. Walikuwa wanazungumza habari za mvua. Nilisimama mpaka mikono ikakauka.

Ndipo mtoto wa kaka alipoinuka. Alikuwa na sahani mkononi, ile ya maua, ya wageni, imefunikwa na nyingine juu. Aliinama kidogo aliponipa, kama inavyopasa kwa mtu wa umri wangu.

"Karibu chakula, baba mdogo."

Nilifunua. Walikuwa usipa, wabichi, si wa kuanikwa, wamekaangwa na pilipili. Kule juu usipa wabichi hawapo. Mtu alitumwa akashuka mlima mpaka ziwani, akapanda nao tena siku ile ile ya msiba, kwa ajili yangu peke yangu.

Ghala la zamani halipo, siku hizi kuna tanki la maji. Nilikwenda nyuma ya tanki nikakaa juu ya tofali, moja ya matofali yangu. Nikala. Walikuwa wazuri, pilipili imekolea, mama asingeona aibu. Nilikula mpaka vichwa. Nikafuta mdomo, nikamrudishia sahani kwa mikono miwili, nikasema ahsante, nimeshiba.

Kisha nikapanda lori. Tulipofika Mbaha mwera ulikuwa unavuma, nikakaa ufukweni nikingoja utulie nirudi nyumbani kwangu.